Kioo Kisichofuta Mstari Mmoja

Sitaapa. Mtu akianza kisa kwa kuapa, mimi huwa nafikiri anataka kuniuzia kitu. Nitakueleza tu yaliyonipata, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshakula. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane.

Mimi ni fundi wa skrini. Si hizi bapa za siku hizi, hapana, ni zile za zamani zenye kioo kinene na kisogo kikubwa nyuma. Marehemu baba yangu ndiye aliyenifundisha, na kibanda chetu kiko Kondele hadi leo. Wanaume huja, wananitazama, kisha wanauliza, "Fundi ako wapi?" Nawaambia ametoka, warudi kesho. Wakirudi wananikuta mimi tena. Hiyo ndiyo starehe yangu mjini.

Wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza, na hakuwa na jina. Usishangae. Kwetu sisi Wajaluo mtoto akilia sana bila ugonjwa, wazee husema kuna marehemu anayetaka arithiwe jina. Basi bibi yake humshika, humtajia majina ya waliokufa, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mama mkwe wangu, tunayemwita Dani, alihamia kwetu kwa kazi hiyo hasa. Jioni baada ya jioni alimtajia marehemu wote wa ukoo wa mume wangu, wazuri kwa wabaya, mpaka akamfikia mjomba mmoja aliyekufa kwa ulevi. Mtoto analia tu. Mimi nilikuwa nacheka chini chini. Tulimwita Bebi, na kwangu hilo lilitosha.

Sasa, kuna chuo kimoja mjini Kisumu kilichotaka kufungua chumba cha kuonyesha kompyuta za kale. Walikuwa wamesikia kwamba katika kituo kimoja cha zamani cha kupima kina cha ziwa, kwenye ufuo wa Nyakach ukishapita Katito, kulikuwa na moja iliyoachwa. Ilikuwa ya mezani, ya enzi ambazo kompyuta nyingi zilijaa chumba kizima. Kioo, kibodi na mahali pa kutia kanda vyote viko kwenye mwili mmoja, na kioo chenyewe kinachora michoro. Wakaniomba niende niangalie kama inaweza kuamka kabla ya kuihamisha. Nilisoma mwongozo wake kwenye simu mpaka macho yakaniuma.

Hapa nisikilize vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Televisheni huchora picha yake upya muda wote, ndiyo maana ukizima inapotea. Kioo cha mashine ile hakiko hivyo. Kikichora mstari, mstari unabaki pale pale, kijani, na hauhitaji kuchorwa tena. Unaweza kuongeza mwingine na mwingine mpaka kioo kijae. Lakini huwezi kufuta mmoja. Kuna kitufe kimoja tu cha kufutia, na ukikibonyeza kioo kizima kinamweka, mwanga mkali mara moja, kila kitu kinaondoka kwa pamoja. Hakuna kuchagua.

Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni lilimeza barabara ya kituo kile, jengo likabaki peke yake majini. Mlinzi wake ni mzee mpole anayeitwa Baba Achieng, na ndiye aliyenivusha kwa mtumbwi pamoja na jenereta yangu ndogo.

"Mama, sisi hiyo mashine hatugusangi," aliniambia huku akipiga kasia. "Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, Baba?"

"Alizama zamani sana. Walienda kupima maji, boti ikarudi bila yeye. Hata mwili haikuonekana."

Nikaitikia "pole" kama mtu anavyoitikia habari ya watu asiowajua. Alinifungulia mlango, akaniwekea jenereta kwenye baraza, akarudi nchi kavu kutafuta kamba ya kufungia mashine. Mlango ulibaki wazi. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilipenda upepo uliokuwa unaingia.

Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa gunia. Nilipangusa, nikafungua nyuma, nikapima hapa na pale, nikabadilisha vitu viwili vitatu vilivyokuwa vimevimba, nikawasha jenereta. Niamini, ile kitu iliamka. Kioo kikamweka, kikatulia, na alama ndogo ya kijani ikaanza kupepesa kwenye kona. Nilipiga makofi peke yangu.

Simu ikalia. Ni Dani, na nyuma yake namsikia Bebi akipasua koo.

"Nyathina, mwanangu, huyu mtoto analia tangu utoke. Nimemtajia mpaka watu wa kwenu!"

"Dani, maziwa iko kwa chupa."

"Chupa amekataa. Jina hataki, chupa hataki, sasa mimi nimpe nini?"

Kabla sijajibu mtandao ukapotea. Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha anajua kilichofuata: kilio kile kiliingia moja kwa moja kwenye maziwa. Matiti yakajaa, yakaanza kuuma. Nikasema basi, kazi imetosha, mashine ni nzima, narudi nyumbani.

Nikatoka barazani kumwita Baba Achieng. Upepo ulikuwa umegeuka. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa yote upande wetu, yakaziba ziwa kati yangu na nchi kavu. Ungedhani ni shamba. Mtumbwi wake niliuona kwa mbali umekwama katikati, naye amesimama ndani yake anasukuma kwa mti, hasogei. Wakati huohuo jenereta ikakohoa, ikazima. Nikarudi ndani kukusanya vyombo vyangu, na nikakuta kioo bado kinawaka.

Mimi ni fundi, sikimbii kitu kabla ya kukipima. Nikadhani ni umeme uliobaki ndani. Nikafuata waya, nikachomoa plagi. Nimesimama hapo nimeshika plagi mkononi, na ile alama ya kijani inapepesa tu.

Mtu akakohoa nyuma yangu.

"Madam, usisumbuke na waya. Hiyo haitumii stima tena."

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni, suruali pana chini, ya aina ninayoiona kwenye picha za harusi ya wazazi wangu. Kwanza nilikasirika. Nikamuuliza ameingia saa ngapi na kwa nini hapigi hodi. Akasema, "Sikuingia. Mimi niko hapa tu." Kisha nikaona viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi, vimepakwa rangi, vikavu kabisa. Kufika pale bila kukanyaga maji haiwezekani; mimi mwenyewe kwa kushuka tu mtumbwini nilikuwa nimelowa hadi magotini. Ungefanya nini? Mimi nilishikilia plagi yangu tu.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya mashine, akaanza kubonyeza kwa vidole viwili kama makarani wa zamani. Kioo kikachora. Kwanza ufuo wa ziwa, kutoka Kisumu kuzunguka hadi pale tulipokuwa. Kisha vina vya maji, mviringo ndani ya mviringo. Nikwambie ukweli, kwa dakika kadhaa nilisahau kuogopa. Ilikuwa kazi safi, na mimi kazi safi hunishika. Nilisogea hadi nikasimama begani kwake.

Halafu akachora nyumba. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaweka dirisha. Akaweka meza. Akachora ukuta wa nne kutoka kona hadi kona bila kuacha nafasi, na ndani ya chumba akaweka nukta moja karibu na meza.

"Umesahau mlango," nikamwambia.

"Sikusahau, madam."

Upepo ukakatika nyuma ya shingo yangu. Nikageuka. Pale palipokuwa na mlango palikuwa na ukuta, umepakwa rangi ile ile iliyobanduka, una madoa yake ya unyevu kana kwamba umekuwepo tangu jengo lijengwe. Nilikimbilia pale nikaupiga kwa viganja. Nikaupiga kwa bisibisi. Nikaenda dirishani, nikashika nondo, nikamwita Baba Achieng kwa sauti iliyonikwaruza koo. Alikuwa bado kwenye magugu. Aliinua uso akalitazama jengo lote, macho yake yakapita juu yangu, akaendelea kusukuma mti wake.

Niliporudi kwenye kioo nikaona jambo lililonimaliza nguvu. Ile nukta ilikuwa mimi. Kila nilipopita palikuwa pamebaki mstari: kutoka mezani hadi ukutani, kutoka ukutani hadi dirishani, na kurudi. Na kwenye upande wa pili wa chumba, ambako sikuwa nimefika, kulikuwa na mistari mingine inayojitokeza yenyewe, mingi, imepandana mpaka sehemu yote imekuwa kijani kitupu.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Mimi natembeaga hapo."

Niliketi sakafuni. Sioni aibu kusema nililia. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka, blauzi imelowa mbele, na kila tone lilikuwa linanikumbusha kuna mtu Kondele ananingoja ambaye hajui neno "subiri."

Ndipo akajitambulisha. Alisema anaitwa Ombogo, na kwao ni Nyakach, juu kule, si mbali na Katito. Siku aliyozama alikuwa ameacha mchoro wake kwenye kioo haujaisha, hakuna aliyeufuta. Watu wa kwao walimtafuta ziwani wakachoka. Basi wakafanya vile Wajaluo wanavyofanya mwili usipopatikana. Wakachukua tunda la yago, lile refu, zito, lenye umbo la mwili wa mtu, wakalivika sanda, wakalilia, wakalizika katika boma lake kama ndiye yeye.

"Nilienda nyumbani, madam," alisema. "Nilitembea mpaka dala yangu. Nikakuta watu wametoka matanga, na mahali pangu pa kulala pako na mtu. Si mtu, ni tunda, lakini limelala kwa jina langu. Sasa mimi niingie wapi? Kule nimeshazikwa. Nikarudi hapa kwa laini zangu, hii mistari."

Nikamwambia pole. Safari hii nilikuwa na maana yake. Lakini huruma haikunizuia kuangalia kibodi, na nilikijua kitufe cha kufutia kilipo. Nikasimama, nikapeleka kidole. Yeye hakunizuia hata kidogo. Alisogeza kiti ili nifikie vizuri.

"Futa," akasema. "Mimi nimechoka, naweza kwenda na mchoro. Lakini angalia wewe uko wapi."

Niliangalia. Nukta iko ndani ya nyumba. Hakuna kufuta mmoja. Nikarudisha kidole.

"Unataka nini?" nikamuuliza. "Sema, mtoto wangu analia."

"Nimesikia akilia. Nimesikia pia hana jina."

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliwaka hasira. Nilimwambia jina si pipi ya kuomba njiani. Jina hutoka ndani ya ukoo, huja kwa ndoto, hutajwa na bibi. Yeye si wa mume wangu wala si wa baba yangu, na zaidi ya hayo ni mtu wa majini. Nilimtolea maneno ambayo Dani angeyasikia angenifunga mdomo. Aliyasikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Wako wote wamejaribu, na mtoto amewakataa," alisema taratibu. "Madam, mimi siombi kumchukua. Naomba mtu mmoja aitwe Ombogo na asiwe tunda. Basi. Mahali pa kulala. Ukisema, nakuchorea njia. Laini ya njia inaweza kupita juu ya ukuta. Yangu tu ndiyo sina pa kuimalizia."

Nikasema sitaki. Nikazunguka chumba. Nikatazama kioo, nikaona mistari yangu inaanza kupandana kama yake. Nikaketi, nikasimama. Nikaomba sala zote ninazozijua. Kisha nikasikia kilio cha Bebi, humo humo chumbani, na simu yangu haina mtandao. Hakikuwa tena kilio cha hasira. Kilikuwa kile cha mtoto aliyechoka, chenye mapengo, na kila pengo lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Mwenye mtoto ananielewa.

"Ombogo," nikasema. "Mtoto wangu ataitwa Ombogo. Sasa nitoe!"

Kilio kilikatika pale pale. Yule mtu alifunga macho kwa muda, akayafungua, akaweka vidole kwenye kibodi. Mstari ukatoka kwenye nukta yangu, ukapita juu ya ukuta wa nne, ukafuata ufuo mpaka Kisumu, ukasimama. Halafu kutoka ule upande wa kijani ukatoka mstari wa pili, ukaushika wa kwangu, ukaenda nao sambamba hadi mwisho. Kioo kikamweka kwa nguvu mpaka nikaziba macho.

Nilipofungua, Baba Achieng alikuwa amenishika bega. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mlango upo, upepo unaingia.

"Mama, kwani wewe ni kiziwi? Nakuita mpaka sauti imeisha! Nimekupata umeangalia ukuta tu."

Nikamuuliza kama ameona mtu. Alitazama kioo, ambacho kilikuwa cheusi tii, akaniambia tupande mtumbwini. Mashine haikuwaka tena tangu siku hiyo, na chuo nikawaambia imekufa.

Nilifika Kondele jioni. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno lolote, hilo ulishike. Dani alikuwa mlangoni na Bebi amelala begani kwake, anakoroma.

"Amenyamaza," alisema, na uso wake haukuwa na furaha. "Jina limenijia tu mdomoni, sijui limetoka wapi. Kwetu hatuna mtu wa hilo jina."

"Jina gani, Dani?"

"Ombogo."

Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha. Ukoo wa mume wangu walipopata habari walikuja juu, wakampa jina lao la heshima kwa sherehe na kuku. Kila walipomwita kwa jina hilo mtoto alishika pumzi mpaka midomo ikageuka rangi, na hakuiachia mpaka mtu aseme Ombogo. Wakanyanyua mikono.

Halafu siku moja mwanamke mzee akafika kibandani kwangu, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Alikuwa anauliza watu wa Kondele nyumba baada ya nyumba. Nikamkaribisha kiti, nikamuuliza anatafuta nani.

"Mume wangu," alisema. "Nimemuota. Aliniambia amefika Kondele, lakini bado ananyonya."

Nilitaka kumfukuza. Wallahi sikuweza, na mimi si Mwislamu. Mtoto alikuwa akicheza sakafuni, umri ule wa kukataa watu wote isipokuwa mimi. Alimwona yule mama, akatambaa hadi kwenye sketi yake, akajivuta, akasimama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mama yule hakulia. Alimshika kidevu akamwangalia kwa makini kama mtu anayekagua kitu chake kilichorudishwa.

"Chuora," akamwambia. Mume wangu. "Umechelewa."

Najua bibi zetu huwatania wajukuu hivyo, mtoto akibeba jina la babu. Hebu niambie wewe: ule ulikuwa utani?

Sasa anakuja mara kwa mara. Huleta maziwa mgando na ndizi, hanitukani, haombi kitu. Ameniambia tu kwamba boma lipo, na kwamba wazee wa kwao wamekubali kulifukua lile tunda. Mume wangu anataka tuhame mji. Tuhamie wapi? Mtu aliyengoja miaka yote ile kwenye jengo la maji, unamkimbia kwa kuhama nyumba?

Usiniambie ningekataa. Watu wengi wamenieleza wangefanya nini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mle ndani na blauzi imelowa. Ninachokwambia ni hiki: kama una mtoto asiye na jina, mpe leo, hata la kubahatisha, kabla hujavuka mlango kwenda popote. Usiseme wazee watajua. Mtoto asiye na jina ni chumba kitupu, na kuna watu wamesimama nje kwa muda mrefu sana.

Wangu sasa anaongea. Juzi jioni tulikuwa nyumbani, kitandani kwake, nimemfunika, nimemzimia taa. Akanishika mkono gizani.

"Mama," akaniambia, kwa upole kabisa, "kesho unipeleke kwangu."

Nikamwambia hapa ndipo kwako. Akanipapasa mkono, kama mtu mzima anayemfariji mtoto, akageukia ukutani akalala.